Muulize Bi. Mkasi: Lesi imo mfukoni tangu mwezi wa nane

*Bi. Mkasi alisimamia karakana ya ushonaji jijini Tanga hadi alipostaafu. Katika safu hii anajibu maswali ya wasomaji kuhusu kazi na riziki. Mwezi huu tumechagua barua tatu zenye kilio kimoja: kazi ipo, mikono ipo, lakini siku inakwisha haijaguswa.*

Shikamoo Bi. Mkasi. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda changu hapa Morogoro na mwanafunzi mmoja. Kushona najua na wateja wanausifu mshono wangu. Tatizo langu ni "njoo kesho". Mteja nampa siku, siku ikifika kitambaa hata sijakikata. Mwezi wa nane dada mmoja aliniletea lesi ya sendofu ya mdogo wake. Sendofu ikapita, bibi harusi mtarajiwa akavaa gauni la kuazima, na lesi bado imo kwenye mfuko nyuma ya mlango. Nikimwona yule dada barabarani napita njia nyingine. Kila asubuhi naapa kwamba leo naanza na ile lesi, halafu zinakuja suruali za kupunguza, zipu, sare za shule, mara umeme umekatika, mara simu, jioni inaingia. Mke wangu ananiita mvivu, nami nafungua saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku. Nifanyeje? — Fundi, Morogoro

Marahaba mwanangu. Mtu anayefungua saa moja asubuhi na kufunga saa mbili usiku si mvivu, na mkeo mwambie nimesema hivyo. Ila yule dada hahitaji kujua kama wewe ni mvivu au mchapakazi. Mdogo wake aliingia ukumbini na gauni la watu. Hilo tutalirudia.

Kwanza nataka uitazame barua yako mwenyewe. Umetaja suruali za kupunguza, zipu na sare. Zote hizo zinasameheka. Ukikosea zipu unafumua, unaweka upya. Kaptura ya sare ikiharibika unaenda dukani unanunua kipande kingine cha kaki. Lesi haisameheki. Mteja ameinunua kwa pesa aliyoidunduliza, pengine duka zima lilikuwa na jora moja la rangi ile, na mkasi ukishapita hapana kurudi nyuma. Kwa hiyo kila asubuhi mikono yako inatafuta kazi ambayo haitakuumbua, na kwa kuwa kazi za namna hiyo hazikosekani kibandani, siku nzima unatoka jasho huku ile iliyokuleta kazini inalala nyuma ya mlango. Unachoahirisha wewe si kushona. Unaahirisha kukata.

Nilikuwa na fundi mmoja karakanani, hodari wa suti kuliko wote. Ukimpa kitambaa cha sufu cha mteja mkubwa, utamwona anafagia chini ya meza yake. Akimaliza kufagia anatia mafuta cherehani ambayo jana yake aliitia mafuta. Akimaliza hapo ananoa mkasi, anaujaribu kwenye kipande, anaunoa tena. Saa nne inafika kitambaa bado kimekunjwa. Wenzake walimwona mvivu. Mimi nilimwona mtu mwenye hofu. Nilichofanya ni kumweka fundi mwingine upande wa pili wa meza, amshikie kitambaa kisiteleze na amsomee vipimo kwa sauti. Basi. Akisomewa vipimo anachora, akichora anakata. Hakuhitaji kufundishwa kitu, alihitaji asiwe peke yake na ule mkasi.

Wataalamu wa saikolojia wamefika hapo hapo kwa njia zao. Mwaka 2013 Fuschia Sirois na Timothy Pychyl walieleza kuwa mtu anapoahirisha, mara nyingi anachokimbia ni hisia mbaya inayokuja na kazi: hofu, kuchoshwa, wasiwasi wa kuonekana hajui. Akiiweka kazi kando anapata nafuu papo hapo, na gharama inamwangukia yeye yule yule kesho yake, ikiwa na nyongeza. Ndiyo maana kujikaripia hakusaidii. Ukijiita mvivu asubuhi umeiongezea ile lesi uchungu mwingine, na kesho utaikwepa zaidi.

Sasa tuje kwenye kazi.

Kukata hakuhitaji umeme. Ovaloki inahitaji, pasi inahitaji, cherehani yako ya mota inahitaji, lakini chaki, futi na mkasi vinahitaji mwanga na kichwa kilichotulia, na vyote viwili unavyo saa moja asubuhi. Kuanzia wiki hii saa ya kwanza ya kibanda iwe ya mkasi. Usiku kabla hujafunga, piga pasi kitambaa cha kesho, kilaze mezani kikiwa kimekunjwa kati kwa kati, weka juu yake karatasi ya vipimo na chaki. Asubuhi ukifungua usikute uamuzi unakungoja, ukute kitambaa. Simu iingie kwenye droo ikiwa imezimwa sauti. Mteja wa zipu apokelewe na mwanafunzi wako, amwandike jina, amwambie fundi atamwona saa mbili. Hakuna zipu isiyoweza kusubiri saa moja.

Kitambaa kinachokutisha usikianze chenyewe. Chukua kitambaa cha bei ndogo, kata mwili wa gauni, shikiza kwa mkono, mwite mteja avae. Hapo utaona kama bega linavuta au kifua kinabana, na utarekebisha pasipo kuharibu kitu. Mafundi wengi wanaona huko ni kupoteza muda. Mimi nasema lesi iliyokaa mfukoni kuanzia mwezi wa nane imepoteza muda zaidi. Na siku ya kukata lesi yenyewe, mwite fundi jirani asimame ng'ambo ya meza. Nawe utamsimamia siku yake.

Mlundikano ulionao unahitaji siku moja ya peke yake. Jumapili toa mifuko yote, hata ile ya chini ya meza, mwaga sakafuni juu ya mkeka safi. Kila kitambaa kipate kipande cha karatasi kilichobanwa kwa pini: jina, tarehe uliyoahidi, na kilichobaki. Kilichobaki kinaweza kuwa mambo matatu tu: hakijakatwa, kimekatwa hakijashonwa, au kimebaki kumaliziwa, yaani pindo, vifungo na pasi. Utashangaa fungu la tatu lilivyo kubwa, kwa sababu fundi mwenye deni la hofu huacha kila kitu karibu na mwisho. Hizo mpe mwanafunzi wako kuanzia Jumatatu. Pindo la mkono na vifungo ni kazi yake, na kila nguo inayotoka ni pesa iliyobaki kulipwa inayoingia. Mpaka fungu hilo liishe, usipokee nguo mpya. Marekebisho madogo pokea, maana nyumbani lazima mle.

Halafu kuna ahadi zenyewe. Mwaka 1994 watafiti watatu, Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross, walichapisha matokeo ya utafiti ambamo waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu nchini Kanada watamaliza lini tasnifu zao. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Zikawachukua zaidi ya 55. Na hao ni watu waliokuwa wakizungumzia kazi yao wenyewe, iliyo mikononi mwao. Makadirio ya kichwani huiona siku isiyo na msiba wa jirani wala umeme kukatika. Kwa hiyo usimpe mteja tarehe ya kichwani. Nunua daftari, na kwa wiki mbili kila unaposhika nguo andika saa uliyoanza, ukiiweka chini andika saa uliyoacha. Utajua gauni la kitenge lenye bitana linakuchukua saa ngapi wewe, kwa cherehani yako, katika kibanda chako. Kisha kila siku iwe na ukurasa wake, na ukurasa ukijaa umejaa. Mteja akisema anaitaka Ijumaa na ukurasa wa Ijumaa umejaa, mwonyeshe daftari. Wapo watakaokwenda kwa fundi mwingine. Waache waende, ni afadhali kuliko kumkwepa mtu barabarani. Sikukuu za Idi na Krismasi, pamoja na Januari shule zinapofunguliwa, tangaza mapema siku ya mwisho ya kupokea, ubandike mlangoni.

Na yule dada. Kabla hujafanya lolote katika haya, mpigie. Usimwambie habari za umeme wala kwamba ulikuwa unaumwa. Mwambie: nilichukua kazi yako, nikaiogopa, nikakaa kimya, na mdogo wako akaazima nguo kwa sababu yangu. Mrudishie advansi yote. Kisha muulize kama anaitaka lesi yake ilivyo, au anataka umshonee bure kwa tarehe utakayoitoa kwenye daftari. Achague yeye. Akikufokea, msikilize mpaka amalize, ana haki. Mwanangu, nimesimamia mafundi miaka mingi na sijaona aliyeweza kukaa na kukata vizuri wakati kuna mtu mtaani anayemkwepa.

Shikamoo Bi. Mkasi, pole na majukumu. Nafundisha darasa la nne huku Kasulu, wanafunzi 87. Kila Jumatatu mwalimu mkuu anakagua maandalio ya somo na madaftari yaliyosahihishwa. Kila Ijumaa nabeba mfuko wa madaftari nyumbani, nikijiambia Jumamosi nitakaa nayo. Jumamosi inapita, Jumapili ni kanisani, kufua, kupika, wageni. Naanza saa tatu usiku na kulala saa nane. Jumatatu nafundisha nikiwa nasinzia. Mume wangu anasema sijui kujipanga. — Mwalimu, Kasulu

Marahaba Mwalimu, na pole wewe zaidi.

Tupige hesabu. Madaftari 87, dakika mbili kila moja ukienda mbio, ni karibu saa tatu pasipo kuinua kichwa. Mtu yeyote akiuangalia mfuko huo Jumamosi asubuhi ataona ni afadhali kuchambua mchele. Hakuna mahali pa kuanzia kwenye rundo la namna hiyo, kwa sababu ukisahihisha kumi rundo halionekani kupungua.

Usikusanye 87 kwa siku moja. Ligawe darasa kwa mistari ya madawati, mstari mmoja kwa siku. Jumatatu walio karibu na dirisha, Jumanne wanaofuata, hivyo hivyo hadi Ijumaa. Hiyo ni madaftari 17 au 18 kwa siku, kama dakika 35. Na usahihishie hapo hapo darasani baada ya kengele ya mwisho, watoto wakishatoka, kabla hujashika njia ya nyumbani. Nyumbani kuna kazi zake zinazokungoja mlangoni, na madaftari yatashindwa kila siku. Mtaalamu wa Kijerumani Peter Gollwitzer alionyesha katika makala yake ya mwaka 1999 kwamba mtu anayeamua mapema ni wakati gani na mahali gani atafanya jambo hulifanya kwa urahisi kuliko anayebaki na nia peke yake. "Nitasahihisha wikiendi" ni nia. "Kengele ikilia nitafunga mlango wa darasa, nitakaa kwenye dawati la mbele, nitafungua daftari la kwanza" ni mpango, kwa sababu kengele italia utake usitake.

Mazoezi mengine unaweza kuyapitia ukitembea kati ya madawati na kalamu nyekundu watoto wakiwa wanafanya zoezi. Kwa hisabati inafaa sana, maana kosa unaliona likiwa bichi na mtoto analirekebisha mbele yako. Kwa insha haifai, utaipitia juu juu.

Andalio la somo la kesho liandike dakika kumi baada ya kutoka kwenye kipindi cha leo. Wakati huo unakumbuka ni nani hakuelewa kukopa katika kutoa na mfano gani uliwachanganya. Jumapili usiku hukumbuki, unajaza nafasi ili mkuu aone wino. Nalo azimio la kazi, yaani mpango wa mada, limeshakuambia mada inayofuata, huanzi kwenye karatasi nyeupe.

Kuhusu baba wa nyumbani, nitasema waziwazi. Umenitajia kanisa, kufua, kupika na wageni, na katika orodha hiyo yeye hayumo popote. Mwalimu mwenye watoto 87 anajua kujipanga, asingejua darasa lingemshinda wiki ya kwanza. Kufua kwa Jumapili kunaweza kufanywa na mikono mingine iliyomo humo ndani, na watoto wenu wakubwa wanaweza kuchambua huo mchele. Mkae mzungumze siku ambayo hujakesha. Msomee barua hii ukipenda.

Shikamoo mama. Nipo Mwanza, nabuni matangazo na kadi za harusi kwa kompyuta nikiwa nyumbani. Niliona kwenye video kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21, na kwamba waliofanikiwa wote huamka saa kumi alfajiri. Nikaanza. Nilifika karibu wiki mbili, siku moja nikapitiliza, nikaona nimeharibu hesabu, nikaacha kabisa. Sasa naamka hata saa tatu na kazi za watu zinachelewa. Nianze upya siku 21? — Mbunifu, Mwanza

Marahaba baba. Usianze upya, maana hesabu yenyewe haina msingi.

Hizo siku 21 chanzo chake ni daktari wa upasuaji wa sura huko Marekani, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake waliobadilishwa sura walihitaji kama siku 21 angalau kuizoea sura mpya kwenye kioo. Alisema angalau, na alikuwa anazungumzia kuzoea pua. Watu wakabeba namba, wakaliacha neno "angalau" nyuma. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walipofuatilia watu 96 waliojiwekea tabia ndogo za kila siku, kama kunywa maji au kufanya mazoezi mepesi, makadirio yao ya muda wa tabia kuzoeleka yalitoka siku 18 kwa mwepesi hadi 254 kwa mzito, katikati ikiwa siku 66. Na hiki ndicho ningependa ukishike: kuikosa siku moja hakukuharibu ujengekaji wa tabia. Wewe uliikosa siku moja ukazitupa zote.

Tena katika utafiti ule kila mtu alilifunga jambo lake na kitu ambacho tayari kilikuwa kwenye siku yake, kama baada ya kifungua kinywa. Wewe ulilifunga na saa kumi alfajiri, saa ambayo haikuwa na kitu chochote katika maisha yako isipokuwa kengele ya simu. Kadi za harusi zinakuletea wateja jioni, kamati zinakaa usiku, mwenyekiti anatuma mabadiliko ya jina la ukumbi saa nne usiku. Mtu anayelala saa sita usiku akaamka saa kumi amelala kwa saa nne tu. Hawezi kuendelea hivyo, na asiendelee hivyo. Wanaoamka saa kumi alfajiri ninaowajua mimi ni wavuvi na wachoma maandazi, na wao wanalala mapema.

Basi fanya hivi. Chagua saa ya kuamka ambayo unaiweza hata baada ya usiku wa kazi, tuseme saa moja na nusu. Chai unakunywa kila siku, sivyo? Kikombe kikiwa bado mkononi, kaa kwenye kompyuta ufungue faili la mteja mwenye tarehe ya karibu zaidi, na usifungue kitu kingine mpaka chai iishe. Jina la faili hilo liandike usiku kwenye karatasi, uibandike kwenye kioo cha kompyuta, ili asubuhi usianze kuchagua. Chai ikiisha ukawa unataka kuacha, acha. Siku nyingi utakuta umeshaanza kupanga herufi na huoni sababu ya kuinuka.

Hao wateja ambao kazi zao zimechelewa, wapigie leo kabla ya saa sita mchana, kila mmoja umpe siku ya kweli. Ikitokea Alhamisi umepitiliza usingizi, kazi ya Ijumaa inaanza na chai ya Ijumaa.

*Barua za mwezi ujao zitahusu kukopeshana vifaa vya kazi. Andika kwa ufupi, taja mji wako na kazi yako. Jina si lazima.*